Bernadine Rutka na Kosa la Viongozi Wawili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2023, Bernadine Rutka atarudisha kitambulisho chake getini na kwenda zake nyumbani, akiwa ameitumikia idara yetu kwa miaka thelathini na minne na miezi minane. Mhariri wa jarida ameniomba mimi, Everett Haslup, niandike wasifu wake, kwa kuwa hapa hakuna mwingine aliyebaki ambaye amefanya naye kazi kwa muda mrefu hivyo. Ni kweli. Asilolijua mhariri ni kwamba hakuna pia aliyemwonea wivu kwa muda mrefu hivyo. Nilijaribu kuandika habari zake bila kuutaja wivu wenyewe, nikapata kurasa mbili zilizonyooka na zisizo na ladha, kama mchuzi wa hospitali. Nimezichana, nikaanza upya.

Bernadine alizaliwa Dundalk, upande wa viwanda wa Baltimore, binti wa mchomeleaji vyuma. Aliajiriwa hapa tarehe 17 Oktoba 1988 kama karani mpiga chapa, akiwa na miaka thelathini na mmoja, cheti cha sekondari, na kasi ya maneno tisini kwa dakika. Mimi nilifika mwaka 1991 na shahada ya uzamivu ya hisabati na suti mpya. Suti naitaja kwa sababu siku yangu ya kwanza aliitazama, akanionyesha mashine ya kahawa, akanionya kwamba ina tabia ya kurusha. Sikumsikiliza. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa na doa kifuani lenye umbo la jimbo la Florida, na nilitembea nalo hadi jioni.

Siku hizo wahandisi tuliandika kwa mkono na makarani wakapiga chapa. Kwa wenzetu wa jikoni na wa bustani, ambao nao hulisoma jarida hili, niseme kazi ya idara yetu ni nini. Chombo cha angani kikishaondoka hakirudi gereji. Kwa hiyo kabla hakijaondoka tunaandika, kwa lugha ya hisabati, kila jambo ambalo kinaweza kulifanya, kisha tunathibitisha kwamba mambo yakitokea kwa mpangilio wowote ule, hakitafanya la kujiangamiza. Maandishi hayo tunayaita kielelezo. Makarani walitakiwa kuyanakili tu. Bernadine aliyasoma. Mtu alirudishiwa kurasa zake zikiwa safi, na pembeni pameandikwa kwa penseli, kwa herufi ndogondogo: "Ukurasa wa 6 valvu imefungwa. Ukurasa wa 31 mafuta yanapita humohumo. Niache hivyo?"

Hilo "Niache hivyo?" lilitutoa jasho wengi. Wenzangu waliishia kucheka, wakawa wanampelekea kazi zao makusudi, zipigwe chapa na zikaguliwe kwa mkupuo mmoja. Mimi nilianza kujipigia chapa mwenyewe, kwa vidole viwili.

Mwaka 1993 akaanza masomo ya jioni, siku mbili kwa wiki, miaka sita mfululizo. Alihitimu shahada ya hisabati mwaka 1999 akiwa na miaka arobaini na miwili. Idara nzima ilikwenda kwenye mahafali, pamoja na Lowell Tansey, aliyekuwa mkuu wetu, ambaye hakuwa mtu wa kwenda popote siku ya Jumamosi. Mimi nilituma salamu kwamba nina homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa nyumbani nakata nyasi, na mke wangu Corinne, aliyekwisha kumnunulia zawadi, alinitazama kutoka dirishani kwa namna ambayo sijaisahau. Kuanzia hapo Bernadine akawa msaidizi wa uhakiki, ila kila Ijumaa aliendelea kutupigia chapa, maana hakuna aliyekumbuka kumwondolea kazi hiyo.

Mwaka 2002 ikaja kazi ya Kitwitwi. Tuliiita kwa jina la yule ndege mdogo anayekimbia ufukweni na wenzake, wote wakigeuka kwa pamoja bila kugongana. Vilikuwa vyombo thelathini na viwili, kila kimoja ukubwa wa sanduku la viatu, vitakavyosafiri pamoja hadi kwenye mwamba mmoja unaolizunguka jua ng'ambo ya Mirihi. Kutoka hapa Maryland hadi huko ujumbe huchukua dakika ishirini, na jibu dakika ishirini nyingine. Ukiona viwili vinakaribia kugongana, vimekwisha kugongana kitambo. Kwa hiyo vilitakiwa vijiamulie vyenyewe. Kimoja kiliongoza, vinne vilipeleka ujumbe, na vilivyobaki vilibeba vipimo. Kiongozi akifa, waliobaki wanachagua mwingine.

Kielelezo cha kundi hilo nilipewa mimi. Kilinichukua miaka miwili. Hesabu ya kitu kimoja chenye akili ni ngumu. Hesabu ya vitu thelathini na viwili, kila kimoja kikiamua lake kwa wakati mmoja, inaweza kumtoa mtu nywele, na zangu zilianza kutoka humo. Mwishoni nilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na mbili. Ndani yake nilithibitisha kwamba kundi halitakosa kiongozi, na kwamba kamwe halitakuwa na viongozi wawili. Mafahali wawili hawakai zizi moja; vyombo vikipokea amri mbili zinazopingana, vitapigana vikumbo hadi viishe.

Baraza la wakaguzi lilipangiwa kukutana Jumatatu tarehe 14 Juni 2004. Huo ulikuwa mwaka wa nyenje, wale wanaokaa ardhini miaka kumi na saba, na kelele zao zilikuwa kali kiasi kwamba kwenye maegesho watu walisalimiana kwa ishara. Jumanne tarehe 25 Mei, Bernadine aliingia chumbani kwangu na kurasa nne mkononi, akatoa nyenje mmoja begani, akamweka dirishani nje.

"Daktari," akasema, kwani hivyo ndivyo alivyoniita tangu siku ya doa, "kiongozi akinyamaza, wengine wanajuaje amekufa?"

Nikamwambia ameusahau ukurasa wa arobaini: akinyamaza dakika tisini, amekufa.

"Na kama amelala?"

Nikaufungua ukurasa wa arobaini. Akaniwekea zile kurasa mezani. Kila chombo kilikuwa na kanuni kwamba kikihisi dhoruba ya jua kijifunge na kulala hadi ipite. Kiongozi hukaa pembeni kabisa mwa kundi, basi huihisi dhoruba mapema kuliko wote na hulala wa kwanza. Wengine, walio ndani ya kivuli cha mwamba, huenda wasiihisi kabisa. Watahesabu dakika tisini, watachagua kiongozi mpya. Kisha wa zamani ataamka, hajui lililotokea, na ataendelea kutoa amri.

"Kwenye kurasa zako," akasema, "kila chombo kinajua nani yu hai na nani amekufa. Nani amekiambia? Wewe ndiye unajua, Daktari. Chenyewe kiko gizani huko."

Nilimjibu kwamba hali hiyo haiwezi kufikiwa, kwamba ziko sababu, kwamba nitaangalia. Akashukuru, akatoka. Kabla hajaufikia mlango nilijua yuko sahihi. Nikazitia zile kurasa nne kwenye droo, chini ya mashine ya kubania karatasi, na humo zikakaa siku kumi na moja.

Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza kwa nini. Kosa lenyewe halikuniuma. Makosa ndiyo riziki yetu. Kilichoniuma ni kwamba siku iliyofuata nilipita kwenye meza yake nikaona alivyolipata. Alikuwa na vibanio vya nguo thelathini na viwili, vya mbao, kimoja amekipaka rangi nyekundu na vinne buluu. Alikuwa anavisogeza kimoja kimoja, na kila akishika kimoja anajilazimisha kusahau anachokijua na kukumbuka tu kile ambacho kibanio hicho kingekuwa kimesikia. Miaka miwili ya hisabati yangu ilikuwa imetobolewa na vibanio vya nguo, tena na mtu ambaye keshokutwa yake, Ijumaa, angetupigia chapa barua zetu.

Jumamosi tarehe 5 Juni asubuhi nilikwenda ofisini peke yangu. Niliiingiza hali ile kwenye programu ya uhakiki, nikaketi kuisubiri. Ilipofika saa sita mchana kompyuta ikatoa njia yenye hatua arobaini na moja, na katika hatua ya mwisho palikuwa na viongozi wawili, mmoja akiamuru kushoto, mwingine kulia, na vyombo tisa vimekutana mahali pamoja. Dawa haikunisumbua, maana ilikuwa kwenye ukurasa wa nne wa Bernadine: anayeamka asiamuru, aulize kwanza. Nilichofanya mimi ni kuandika uthibitisho kwamba dawa hiyo inatosha. Ni uthibitisho mzuri, na huo simpi mtu.

Siku ya kikao nilisimama mbele ya wakaguzi, nikawaeleza kwamba katika ukaguzi wa mwisho tuligundua tundu kubwa, na kwamba tumeliziba. Nilisema "tuligundua". Pengine ningeponea hapo. Lakini mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alivua miwani akauliza hasa ni nani aliyeliona, kwa sababu alitaka kumpongeza.

"Ni mimi," nikasema.

Bernadine alikuwa mstari wa nyuma. Ndiye aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao. Niliona mkono wake ukisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Walipiga makofi. Kanuni hiyo ya kuuliza kwanza ikaitwa Kanuni ya Haslup, na mwezi uliofuata nikapewa ngao.

Asubuhi baada ya kikao alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango, akaweka karatasi mezani.

"Kumbukumbu za jana. Nimeandika ulivyosema, neno kwa neno. Weka sahihi."

Nilianza kujieleza. Akainua kiganja.

"Usijisumbue. Nina nakala ya zile kurasa nne, ina tarehe. Nikiipeleka kwa Tansey, wewe umekwisha, na Kitwitwi itasimama mwaka mzima watu wakichunguzana. Sitaki isimame. Nataka cheo cha mhandisi, chumba chenye mlango, na Ijumaa mtafute mwingine wa kuwapigia chapa. Barua ya kunipendekeza utaiandika wewe. Na uiandike vizuri, siyo kama unavyoandika siku zote."

Nikamuuliza, na jina la kanuni je?

"Baki nalo. Mwaka ujao mimi nitakuwa nimepata jingine, wewe utakuwa bado na hilohilo."

Barua niliiandika. Corinne, niliyemsomea bila kumweleza chanzo chake, alisema sijawahi kuandika kitu chenye ukweli mwingi namna ile. Mnamo Septemba 2004 Bernadine akawa mhandisi wa uhakiki, wa kwanza katika idara yetu kufika hapo kutoka kwenye meza ya kupiga chapa.

Na alilolisema likawa. Mwaka uliofuata alipata tundu jingine, na mwaka baada ya huo mawili. Hadi leo hii jina lake limo kwenye matundu kumi na saba yaliyozibwa katika safari nane, na hakuna hata moja aliloiba kwa mtu. Amefundisha wahakiki ishirini na sita, na wote hukaa mbele ya kielelezo wakijiuliza swali lake: hiki chombo kimelijuaje hili? Mwaka 2012 akawa mkuu wa uhakiki, yaani bosi wangu. Kama bosi alikuwa wa haki kiasi cha kuchosha. Nilitafuta kwa miaka dalili moja tu ya kisasi, ili nipumue, sikuipata.

Hata kwenye karamu alinipita. Kila Agosti alitualika uani kwake Dundalk kula kaa, meza ndefu zimetandikwa magazeti, kila mtu na nyundo yake ya mti. Mimi ni mzaliwa wa Maryland, ukoo wangu umekula kaa tangu enzi na enzi, lakini nikiwa bado nahangaika na gamba la kwanza yeye alikuwa na rundo mbele yake, anasimulia hadithi na hata hatazami mikono. Krismasi alileta pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi, za viazi na jibini, na kila mwaka Corinne aliniuliza nikirudi kazini kama Bernadine amezileta, kabla hajaniuliza siku yangu ilikuwaje.

Kitwitwi iliruka mwaka 2008, ikafika kwenye mwamba wake mwaka 2012. Siku ninayotaka kuieleza ni Jumatano moja ya Machi 2013. Asubuhi tulipata taarifa kwamba dhoruba kubwa ya jua inaelekea kule kule. Ilipofika saa nne na nusu kiongozi, chombo namba tano, akanyamaza. Ukumbi ukajaa watu. Hata Tansey, aliyekwisha kustaafu, alikuja na fimbo yake. Tuliyokuwa tukiyaona yalikuwa yametokea dakika ishirini nyuma, na hapakuwa na kitufe chochote cha kubonyeza. Dakika tisini zikapita. Kundi likamchagua namba kumi na saba, na vyombo vikaanza kujipanga upya kumzunguka. Vilikuwa karibukaribu mno, vingine vikiachana kwa mita arobaini tu.

Kisha namba tano akaamka.

Mstari wake ulitokea kwenye skrini. Kama lingekuwa neno la amri, vyombo kumi na kimoja vilivyokuwa karibu naye vingegeuka kulia na kuwaingia wenzao. Halikuwa amri. Lilikuwa swali: nani anaongoza? Namba kumi na saba akajibu. Namba tano akajiondoa pembeni, akachukua nafasi ya mbeba vipimo. Tulivihesabu vyombo mara tatu. Vyote thelathini na viwili vilikuwa hai.

Watu walinirukia. Tansey alininyanyua mkono kama bondia. Mtu alisema kwa sauti kwamba Kanuni ya Haslup imefanya kazi, na watu arobaini wakaliimba jina langu. Katikati ya vishindo hivyo nilimtafuta Bernadine. Alikuwa ameketi mbele ya skrini yake, kiganja mdomoni, analia na kucheka kwa pamoja, hamtazami mtu yeyote, anaitazama tu ile mistari inavyopita. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea dakika ile. Sifa zote zilikuwa kwangu, na furaha yote ilikuwa kwake. Nilisimama pale napongezwa, nikatamani kuwa mpiga chapa kutoka Dundalk.

Ningeweza kusema siku ile. Sikusema. Miaka kumi mingine ikapita.

Mwezi Aprili mwaka huu, alipotangaza kustaafu na mhariri akaniomba wasifu, nilikwenda kwenye mlango wake nikamwambia kwamba safari hii nitaandika yaliyotokea. Aliendelea kupanga mafaili yake kwenye makasha, nikadhani hakusikia.

"Andika," akasema mwishowe. "Lakini na ile barua uitaje. Cheo nilikipata kwa kukutisha, na sijutii hata kidogo. Usije ukaniita mnyenyekevu mbele za watu, watakucheka."

Basi nimeitaja, na mnyenyekevu sijamwita.

Jumatatu iliyopita nilimkabidhi mkurugenzi zile kurasa nne za tarehe 25 Mei 2004, zenye mwandiko wake wa penseli, pamoja na barua yangu ya kukiri. Nimeitwa kwenye kamati ya maadili tarehe 11 Julai, na nitakayoyasema huko ni haya mliyoyasoma. Kumbukumbu za kikao kile haziwezi kufutwa, lakini zimeongezewa ukurasa, na kuanzia Julai mosi nyaraka zote za idara zitaandika Kanuni ya Rutka. Mkurugenzi alinishauri niliondoe jambo hili kwenye jarida, lisiharibu sherehe. Nilimjibu kwamba nilikwisha kumnyima Bernadine sherehe moja.

Anahamia Crisfield, kwenye kaa wenyewe, akaishi na dada yake Wanda katika nyumba ndogo yenye baraza linalotazama maji. Anasema kompyuta hataigusa tena na kengele ya saa ataitupa. Mimi bado nina miaka miwili ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, ikiwa kamati itaniachia, kwa hiyo hata katika hili ananipita, na mniwie radhi, hata hili namwonea wivu.

Kwa niaba ya idara nzima: Bernadine, asante kwa miaka yako yote, na huko uendako tunakuombea afya, utulivu na majirani wema. Kwa niaba yangu mwenyewe nakuomba radhi. Mwenyekiti wa wakaguzi aliuliza ni nani aliyeliona kosa la viongozi wawili. Ni wewe uliyeliona.